Naomba ushauri: maporomoko, milima na divai kwa siku moja huko Cape Town, twende Januari au Septemba?

Mama wa Kamalondo (Lubumbashi)

Ndugu zangu, jambo kwenu nyote. Mimi ni mwalimu mstaafu, na mwaka ujao mimi na mume wangu tutatimiza miaka 40 ya ndoa. Binti yetu wa mwisho anasoma Cape Town, naye ameomba kwamba safari hii tumfuate sisi badala ya yeye kurudi nyumbani. Tutakaa siku sita, na tumetenga siku moja nzima ya kutembezwa na mwongozaji, kwa kuwa siku nyingine zimekwisha kugawanywa kati ya kanisa, ndugu na mambo ya chuo.

Kila mmoja wetu ana hamu yake. Mimi nataka maporomoko ya maji. Nilipokuwa msichana baba yangu alitupeleka Kundelungu kuona Lofoi, na mpaka leo naona maji yale yakianguka zaidi ya mita 300 na kugeuka ukungu kabla ya kugusa chini. Mume wangu anataka kuona divai inavyotengenezwa. Yeye ni mtu wa glasi moja siku ya Jumapili, lakini hajawahi kuuona mzabibu kwa macho yake. Mimi pombe siionji kabisa. Pamoja na hayo, goti lake la kuume lilipasuliwa miaka michache iliyopita, na kushuka kunamsumbua kuliko kupanda.

Tumetumiwa tangazo la safari ya muda wa saa nane inayoahidi maporomoko, milima na mashamba matatu ya mizabibu. Je, siku moja inabeba yote hayo? Binti atuendeshe mwenyewe, au tulipe mwongozaji? Nami nisiyekunywa, nitakuwa nafanya nini wakati wenzangu wanaonja? Kuhusu tarehe, nimempendekezea binti Januari kwa sababu ndio wakati wa mvua na maji yatakuwa mengi, lakini yeye anapendelea likizo fupi ya Septemba.

Mkaaji wa Golf (Lubumbashi)

Mama, kabla ya kulipa hata franka moja, badilisha mwezi. Nilifanya kosa hilohilo la kuhesabu majira ya Cape Town kwa kalenda ya Lubumbashi. Huku kwetu Januari mito imejaa, lakini kule Januari ni kiangazi chenyewe, jua kali na upepo wa kusini-mashariki unaoweza kuvuma siku tatu mfululizo. Mvua yao huanguka hasa kuanzia Juni hadi Agosti, wakati sisi tunakula vumbi. Maporomoko niliyoyaona mimi yalikuwa uzi mwembamba wa maji juu ya jiwe jeusi, na mke wangu aliniuliza kama tumefika au bado.

Kuhusu tangazo la saa nane, nakueleza yaliyonipata bila kuitaja kampuni. Tulikuwa watu 14 ndani ya basi dogo. Kuwachukua abiria hotelini kulimaliza saa moja na robo. Kila shamba lilipewa dakika 45, na katika hizo, kumi ziliishia kwenye foleni ya choo. Kwenye maporomoko dereva alisimama karibu na mlango wa gari akiwa ameshika simu, akatutangazia kwamba tuna dakika 15, kwenda na kurudi. Mzee mmoja aliyetembea kwa fimbo alifika nusu ya njia, akasikia honi, akageuka. Sijaisahau sura yake. Kwa hiyo omba ratiba ya maandishi yenye muda wa kila kituo, na uulize idadi ya abiria. Wakikataa kuandika, achana nao.

Binti wa Ibanda (Bukavu)

Mama, nilisoma Stellenbosch, mji wa mashamba ya mizabibu karibu na Cape Town, na kwa misimu miwili nilifanya kazi ya kuwamiminia wageni divai kwenye shamba moja, hivyo niruhusu niandike kwa urefu kidogo.

Ndugu wa Golf amesema kweli kuhusu majira, lakini jua pia kwamba hamu zenu mbili zinavutana. Zabibu huvunwa kati ya mwishoni mwa Januari na Machi, na hapo ndipo kiwanda kinanguruma, matrekta yanaingia na harufu ya maji ya zabibu yanayochacha inakupokea tangu getini. Maporomoko nayo yana nguvu mwishoni mwa kipupwe. Huwezi kuvipata vyote viwili katika ubora wake kwa tarehe moja, na tangazo lolote linaloahidi hivyo linakudanganya. Mimi ningechagua Septemba bila kusita. Papa, yaani mume wako, hataona mavuno, ila ataona mizabibu ikichipua majani madogo ya kijani kwenye mashina yanayodhaniwa yamekufa, ataona mapipa ya mwaloni, na anayemhudumia atakuwa na nafasi ya kuzungumza naye, jambo ambalo Februari halipatikani. Kuonja kunaendelea mwaka mzima. Epukeni tu tarehe 24 Septemba, Sikukuu ya Urithi, kwa sababu siku hiyo mashamba yanafurika.

Juu ya kuonja kwenyewe, watu wengi wa kwetu huingia wakidhani ni kunywa. Mgeni huwekewa divai tano au sita, kila moja kiasi cha kufunika sakafu ya glasi. Anaizungusha, anainusa, anaishika mdomoni, kisha anaimeza au anaitema kwenye ndoo ndogo iliyo mezani. Kutema si utovu wa adabu. Watengenezaji wenyewe hutema. Mwambie Papa aombe Pinotage, zabibu iliyozaliwa hapohapo Stellenbosch mwaka 1925 wakati profesa Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut, maana hiyo ndiyo zabibu yao wenyewe. Wewe usikae pembeni kama mlinzi wa mikoba. Mashamba mengi yana juisi ya zabibu isiyochachuka, zeituni, jibini au chokoleti, na ziara ya ghala la mapipa haidai mtu anywe. Ni vizuri tu mwongozaji awaarifu mapema.

Kuna jambo moja ambalo mimi hulitumia kumpima mwongozaji. Divai ya kwanza ya Rasi, yaani eneo la Cape, ilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, Stellenbosch ilianzishwa 1679, Wahuguenoti, yaani Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, walipewa ardhi ya Franschhoek tangu 1688, na haya yote kila mmoja atayasimulia. Je, atasimulia pia nani aliyeichimba ardhi hiyo? Ni watumwa walioletwa kutoka Msumbiji, Madagaska na nchi za Asia, na hata baada ya utumwa kukomeshwa, vibarua wa mashambani waliendelea kwa vizazi kulipwa sehemu ya ujira wao kwa divai, na ulevi huo ukaharibu familia nyingi. Kati ya Stellenbosch na Franschhoek kuna kijiji cha Pniel kilichoanzishwa 1843 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Mwongozaji anayepunguza mwendo hapo na kueleza ndiye wa kumpa siku yako. Nilifanya kazi na wajukuu wa watu wale, na naona ni haki yao kutajwa mahali ambapo jasho lao linauzwa kwa chupa.

Dereva wa Himbi (Goma)

Mimi nitajibu swali la gari tu. Kule wanaendesha upande wa kushoto, na binti yako hata akiwa amezoea, njia za milimani kama Franschhoek na Helshoogte zina kona zinazotaka macho yasiondoke barabarani, hivyo yeye ndiye hataona mlima. Kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kwa dereva wa kawaida ni gramu 0.05 kwa mililita 100 za damu, na kwa dereva wa kazi ni 0.02. Akiendesha yeye, asionje hata tone. Lakini hii ni sherehe ya wazazi wake. Mwacheni akae nyuma pamoja nanyi.

Kwa sheria ya Afrika Kusini, mwongozaji wa watalii lazima awe amesajiliwa na awe na beji. Mwombeni awatumie picha ya beji hiyo kabla ya kulipa arubuni. Aliye halali haoni vibaya kuombwa.

Mama wa Kamalondo (Lubumbashi)

Nashukuru sana, wanangu. Naona Januari nimeifuta. Kumbe nilitaka kuvuka nusu ya Afrika nikafuate ukame! Kuhusu Pniel, nimemsomea mume wangu maneno yako, Binti wa Ibanda, akanyamaza kidogo, kisha akasema tupite hapo hata kama tutapunguza shamba moja.

Limebaki goti. Tangazo linataja maporomoko ya Jonkershoek. Je, atayafikia? Na kama hayafikiki, kuna mengine?

Kijana wa Kampemba (Lubumbashi)

Mama, Jonkershoek ni bonde zuri sana na liko nyuma tu ya Stellenbosch, lakini maporomoko yake yanafikiwa kwa njia ya miguu ya kilomita kadhaa, yenye mawe na mteremko. Kwa goti lililopasuliwa mimi nisingethubutu. Pia msiruhusu mtu awawekee Mlima wa Meza ndani ya siku hiyohiyo. Una mita 1,086, gari la kamba linapanda kwa dakika chache, lakini upepo ukivuma linafungwa bila kumhurumia mtu. Uachieni siku yoyote mtakayoamka na kuona kilele hakina wingu.

Binti wa Ibanda (Bukavu)

Nakubaliana na Kijana wa Kampemba, na hapa ndipo ninapotaka kubadilisha safari yenu, kwa sababu tangazo lile limejengwa kwa ajili ya vijana wenye viatu vya mlima.

Ielekezeni siku yenu kusini-mashariki. Ombeni gari la kwenu peke yenu, mwondoke saa moja na nusu asubuhi, mpite Gordon's Bay na kuingia Clarence Drive. Ni kama kilomita 20 za barabara iliyochongwa kwenye mbavu za mlima, milima ya Kogelberg ikisimama kushoto kwako na bahari ikiwa chini kulia, na kuna sehemu za kuegesha gari, kwa hiyo Papa ataiona milima bila kupanda hata hatua moja. Mbele yake ni Betty's Bay, ambako kuna bustani ya taifa ya mimea inayoitwa Harold Porter. Hapo, Mama, ndipo penye maji yako. Kuna njia mbili, na msizichanganye. Ile ya Leopard's Kloof ina ngazi za kupanda na ufunguo wake huchukuliwa ofisini, hiyo iacheni. Ya Disa Kloof ni fupi na nyepesi, inafuata kijito ndani ya bonde lenye kivuli. Maji yake yana rangi ya chai ya rangi, si kwa uchafu bali kwa sababu ya majani ya vichaka vya mlimani yanayolowa humo, na ukiyateka kwa kiganja yanang'aa kama asali. Hayalingani na Lofoi kwa urefu, nakuambia mapema usije ukavunjika moyo, lakini utasimama karibu nayo kiasi cha kulowa uso.

Mchana endeleeni hadi Hermanus, na kwenye bonde la Hemel-en-Aarde nyuma ya mji, jina ambalo maana yake ni Mbingu na Dunia. Upepo wa bahari huliweka bonde hilo baridi, ndiyo maana Pinot Noir na Chardonnay zake zinasifiwa. Mashamba mawili yanatosha: moja la kuonja na kutembezwa ghalani, jingine la chakula cha mchana. Na kwa kuwa itakuwa Septemba, mkisimama ukingoni mwa bahari Hermanus mnaweza kuwaona nyangumi mkiwa nchi kavu. Hiyo sikuihesabu kwenye ratiba, ichukueni kama nyongeza.

Pniel haipo njia hiyo, nami sitaki kukuficha. Lakini kutoka Cape Town hadi Stellenbosch ni kama kilomita 50, na Pniel iko ng'ambo tu ya Helshoogte, kwa hiyo binti anaweza kuwapeleka asubuhi nyingine.

Tahadhari moja: Septemba 2023 mafuriko yaliharibu na kufunga barabara nyingi za Rasi ya Magharibi. Mwongozaji aulize jioni ya kuamkia safari kama Clarence Drive na njia ya Disa Kloof ziko wazi.

Mkaaji wa Golf (Lubumbashi)

Chupa mtakazonunua ziwekeni kwenye sanduku kubwa, zikiwa zimeviringishwa ndani ya nguo. Mimi nilibeba yangu mkononi, nikaiacha mezani kwa wakaguzi wa uwanja wa ndege.

Mama wa Kamalondo (Lubumbashi)

Tumekaa jana usiku, mimi, mume wangu, na binti kwenye simu. Tutakwenda wiki ya pili ya Septemba. Gari litakuwa letu sisi watatu, ingawa bei yake imezidi ile ya basi. Mume wangu amesema atalipia tofauti hiyo kwa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya suti.

Binti amemwandikia mwongozaji mmoja akimtaka ratiba yenye saa, picha ya beji, muda wa saa moja na nusu kamili pale Disa Kloof, mashamba mawili tu, na juisi ya zabibu kwa mtu mmoja. Amejibu leo asubuhi. Beji ameituma, ratiba ameituma, na chini yake ameuliza ni goti lipi, ili ajue Papa akae upande gani wa gari.