Mrejesho: Sienta au Alphard

Wakuu salaam, nilikuja hapa kuuliza kati ya gari mbili za Toyota, nichukue Sienta ya bei chee au nijikamue nivute Alphard, familia tuko saba na bi mkubwa akiwemo. Nimechukua Sienta. Alphard ya jamaa nilipanda mpaka Chalinze, aisee ile kitu imetulia, kelele za nje husikii na siti za kati unanyoosha miguu, ila injini ya cc 2400 kwenye foleni ya Mbezi kwenda Posta kila siku mafuta yangenimaliza. Hii Sienta ni cc 1500, mlango wa kuslaidi, bi mkubwa anapanda fresh tu. Siti za nyuma kabisa waachie watoto, mtu mzima magoti yanagusa kidevu, na ukizisimamisha buti hamna kitu. Mlima Kitonga na watu saba injini inalia kinoma, napanda mdogomdogo.