Ndugu zetu wa Muscat na London, hizi "pawa" (hati za uwakili) mnazotuma Tanga kuuzia nyumba ni balaa!

Wakuu, leo wacha niseme. Kila kukicha mtu anaingia ofisi ya ardhi hapa Tanga na karatasi moja aliyotumiwa WhatsApp na kaka yake: "Mimi fulani namruhusu mdogo wangu kuuza nyumba yangu na kufanya jambo lolote kwa niaba yangu." Basi! Namba ya hati hakuna, kiwanja hakuna, kitalu hakuna. Afisa akiikataa, anaambiwa anataka rushwa. Rushwa ya nini? Nyumba ipi, ya Ngamiani au ya Raskazone?

Hati ya uwakili ya kuuza ardhi lazima iitaje mali yenyewe: namba ya hati miliki, kiwanja, kitalu, mtaa. Majina yafanane herufi kwa herufi na hati miliki. Kwenye hati "Saidi", kwenye pasipoti "Said", tayari mnaanza kutafuta kiapo cha majina, na mnunuzi keshahamia kwa jirani. Bandikeni picha za wote wawili, mtoaji wa uwakili na wakala wake, na kila ukurasa utiwe saini, si wa mwisho tu. Wajanja hubadilisha kurasa za katikati.

Halafu hii ya apostili, ule muhuri wa serikali wa kuthibitisha hati itumike nchi nyingine. Tanzania haimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961 unaoutambua, kwa hiyo ule muhuri wa Uingereza peke yake hauitoshelezi hati yako huku. Ukisaini mbele ya mthibitishaji wa hati (notari) wa London, ipeleke Wizara ya Mambo ya Nje ya huko, kisha ubalozi wetu. Njia fupi ni kwenda ubalozini mwenyewe na kusaini mbele ya afisa. Walioko Muscat nao wanao ubalozi palepale. Msisaini nyumbani halafu mkatafute muhuri, kwa sababu shahidi anatakiwa akuone unasaini. Na tumeni hati za asili kwa mkono wa mtu au kwa kampuni ya vifurushi, si picha. Ikifika nchini, ilipiwe ushuru wa stempu ndani ya siku 30, kisha isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Bila usajili huo, fomu za uhamisho alizosaini mdogo wako hazisajiliwi.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo undugu unapokufa. Kuuza ni ruhusa moja, kupokea fedha ni ruhusa nyingine. Mnaziunganisha kwenye sentensi moja halafu mnashangaa shemeji kanunua bajaji tatu. Andika wazi: bei isishuke chini ya kiasi fulani, fedha iingie akaunti ya benki yenye jina lako, namba hii, wakala asijiuzie mwenyewe, asimuuzie mkewe wala mwanawe, asimpe mtu mwingine uwakili huo, na hati iishe tarehe fulani. Mnunuzi mwenye akili akiona namba ya akaunti humo ndani, hatamlipa mtu kwa simu. Akilipa nje ya hapo, hiyo ni shauri yake na dalali wake.

Mtaje pia kazi nyingine: kusaini mkataba wa mauziano na fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, kulipa pango la ardhi linalodaiwa, kumwita mthamini, kushughulikia TRA (Mamlaka ya Mapato). Mkiandika "kuuza" tu, kila dirisha litamrudisha.

Na TRA jamani! Anayeuza ni mwenye mali, si wakala. Itumike TIN (namba ya mlipakodi) yako, si ya mdogo wako. Mkaazi, yaani anayehesabiwa kikodi kuwa anaishi nchini, hulipa 10% ya faida. Wewe uliyehamia nje kama si mkaazi kikodi, kiwango chako ni kikubwa zaidi. Madalali huwapigia mahesabu ya mkaazi ili bei ionekane tamu, halafu makadirio yakitoka mnagombana kwenye kundi la familia. Bila cheti cha TRA cha kuonyesha kodi imelipwa, msajili hahamishi jina.

Mwenzi wako naye asaini ridhaa. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila yeye, hata kama jina kwenye hati ni lako peke yako. Sheria ya Ndoa ya 1971 imelisema hilo zamani.

NYONGEZA, maana maswali yamekuwa mengi:

Anayeuliza kama akimwandikia mdogo wake "nimekufutia" inatosha: haitoshi. Andika hati ya kufuta, iwe na mashahidi kama ile ya kwanza, ifike kwa msajili. Mnunuzi ambaye hakujua umefuta, sheria inamlinda, na wewe utabaki kumdai ndugu yako.

Na yule ambaye baba kafariki Muscat mwezi uliopita na kaka bado anaonyesha watu nyumba ya Chumbageni kwa ile hati: mwambie aache leo. Mtoaji akifa, uwakili umekwisha. Sasa hayo ni mirathi. Kikao cha ukoo, kisha mahakamani, ateuliwe msimamizi. Aliyekwisha kupokea arubuni arudishe kabla mnunuzi hajaenda polisi.