Mbunge wa eneo letu hapa Houston anatukumbuka wakati wa kura tu, na Jumamosi amewaaibisha mama zetu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiye na muda apite tu. Nimetoka zamu ya usiku ghalani, saa hizi nilitakiwa niwe nimelala, lakini kila nikifumba macho namwona yule mama wa Jumamosi amesimama na karatasi yake mkononi, anaambiwa muda wake umekwisha.

Naishi kusini-magharibi mwa Houston. Wanaopajua wanapajua: kituoni unasikia Kihispania, ukipanda ngazi za apatimenti unasikia Kiswahili, Kibembe na Kirundi. Wengi wetu tumetokea Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Mimi nilikulia pale kambini, nikafika huku 2013, uraia nikaupata 2019. Jina la mbunge silitaji na chama chake sikitaji, maana najua uzi utageuka ugomvi wa vyama na jambo lenyewe litapotea. Ninayemsema ni mbunge wa jimbo, yule anayekaa Austin, makao makuu ya Texas, siyo wale wa bunge la nchi nzima Washington.

Kwa wasiofahamu: Baraza la Wawakilishi la Texas lina wajumbe 150, na kila mmoja anawakilisha watu kama 194,000. Kikao chao cha kawaida ni siku 140 tu kila baada ya miaka miwili. Cha mwaka huu kilianza Januari 14 na kufungwa Juni 2, 2025. Mshahara wao ni dola 600 kwa mwezi, na najua atatokea mtu hapa kusema kwa mshahara huo tusimdai mengi. Nakataa. Ana ofisi hapa hapa kwetu, ana wasaidizi wanaolipwa kwa kodi zetu, na kiti kile aliking'ang'ania mwenyewe.

Sasa nianze mwanzo.

Februari 2024, kura ya mchujo ya Machi 5 (ile ya chama kuchagua mgombea wake) ikiwa imekaribia, watu wake walimpigia mchungaji wetu wakaomba mbunge aje ibadani. Mama zetu walipika usiku kucha. Ugali, sombe, ndagala, sambusa za kujaza meza mbili. Walimshonea shati la kitenge. Alipolivaa kanisa zima lilipiga vigelegele. Nikaitwa mbele nitafsiri.

Alisema mambo mawili na nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu niliyasema mimi. La kwanza, kuanzia siku ile kila mkutano wake na wananchi utakuwa na mkalimani wa Kiswahili. La pili, kila mwezi msaidizi wake atakuja kukaa nusu siku kwenye ukumbi wa apatimenti zetu, mwenye barua asiyoielewa ailete, mwenye shida ya kadi za chakula au ya mwenye nyumba aje asikilizwe.

Ahadi zile zilitoka kinywani mwangu kwa Kiswahili. Mama zetu hawakumwamini yeye, hawamjui. Waliniamini mimi, kijana wao. Ndiyo maana jambo hili linanichoma kuliko mengine yote.

Msaidizi hakuja hata mwezi mmoja. Nimesubiri, nimepiga simu, nimeandika barua pepe. Hata mmoja.

Julai 8, 2024 kikaja kimbunga Beryl. Mnaoishi Houston hamhitaji kuelezwa. Wateja zaidi ya milioni mbili walikosa umeme, na sisi kwenye jengo letu tulikaa gizani siku kadhaa katika lile joto. Ghorofa ya pili juu yangu kuna mzee anayepumua kwa mashine ya oksijeni. Nilipiga simu ofisi ya mbunge. Nikapokewa na sauti ya mashine, Kiingereza halafu Kihispania, acha ujumbe. Niliacha ujumbe mara tatu. Mwishowe vijana wanne tulimbeba mzee kwa kiti kushuka ngazi, tukamkimbiza kwenye kanisa lililokuwa na jenereta. Mungu alisaidia, mzee yupo. Ujumbe wangu haukujibiwa hadi leo.

Simu ya kwanza kutoka upande ule baada ya hapo iliingia Oktoba. Walikuwa wanaomba vijana 15 wa kugonga milango.

Na tulikwenda! Hilo ndilo linaloniumiza. Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa Oktoba 7, 2024, kwa sababu Texas sharti uwe umejiandikisha siku 30 kabla ya kura. Na huku huwezi tu kuchukua fomu za watu ukazipeleka, lazima kaunti ikuapishe kwanza kuwa mwandikishaji wa kujitolea. Nilikwenda kwenye mafunzo, nikaapa, nikaandikisha watu ngazi kwa ngazi nikitoka kazini. Niliwaeleza mama zetu kwamba asiyeweza kusoma karatasi ya kura ana haki ya kuingia na mtu wake wa kumsaidia, ilimradi asiwe mwajiri wake wala mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Ni sheria ya nchi nzima tangu 1982. Mbunge hakutuambia hilo, chama hakikutuambia, nililisoma mwenyewe kwenye simu wakati wa mapumziko ya zamu.

Sasa Jumamosi. Mkutano wa kutoa taarifa ya kikao cha bunge. Kipeperushi kilikuja kanisani kimeandikwa "wote mnakaribishwa". Siku kumi kabla niliandika ofisini kwake nikiwakumbusha ahadi ya mkalimani. Msaidizi alinijibu kwamba sheria inawalazimisha lugha fulani tu, na Kiswahili hakimo.

Ni kweli hakimo. Nimelifuatilia suala hili na nataka kila mtu humu alielewe. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, ilipoongezewa kipengele cha lugha mwaka 1975, ilitaja watu wa asili ya Kihispania, Waasia, wenyeji wa asili wa Marekani na wenyeji wa Alaska. Lugha za Waafrika hazikutajwa. Ndiyo maana kaunti yetu ya Harris inachapisha karatasi za kura kwa Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina, na hata tukifika laki moja tunaosema Kiswahili sheria ile haitatuhesabu. Lakini hiyo ni sheria ya uchaguzi! Haihusu mkutano wa mbunge na watu wake ukumbini. Hakuna sheria inayomkataza kumlipa mkalimani kwa saa mbili. Na ahadi aliitoa yeye, hakuna aliyemlazimisha.

Tulikwenda na mama zaidi ya 30. Mlangoni kulikuwa na meza ya hedifoni za Kihispania na mkalimani wao amekaa tayari. Nafurahi kwa ajili yao, wamepigania haki hiyo miaka mingi. Sisi hatukuwa na kitu. Msaidizi aliponiona akaja haraka: ndugu, utatusaidia kutafsiri? Hapo hapo, bila maandalizi, nimesimama nyuma ya ukumbi na mama zangu wamenizunguka. Baada ya dakika kama kumi mtu wa chama akaja kuniambia nipunguze sauti, nawasumbua wengine. Nikapunguza. Mama waliokaa mbali hawakusikia tena. Wakakaa saa moja na nusu wakitazama picha ukutani, wakipiga makofi wengine wakipiga makofi.

Mbunge alizungumza dakika arobaini. Shule, barabara, maji, kodi za nyumba za watu wenye nyumba. Muswada wa SB 38 hakuugusa. Huo ndio unaotuhusu sisi tunaopanga: unaharakisha kesi za kumtoa mpangaji, umepita kikao hiki na utaanza kutumika Januari 1, 2026. Kwenye apatimenti zetu hakuna familia ambayo haijawahi kubandikiwa notisi ya siku tatu mlangoni.

Wakati wa maswali akasimama mama mmoja mjane, mtu wa Fizi kule Kongo, watoto watano. Kodi yake analipa kwa mani oda kila mwezi na vishina vyote anavitunza kwenye mfuko wa plastiki. Meneja anasema malipo ya mwezi wa nne hayakufika, sasa amepelekwa kwa hakimu. Alitaka kumwonyesha mbunge notisi na kishina. Tena alikuwa amejifunza sentensi ya kwanza kwa Kiingereza, aliifanyia mazoezi wiki nzima na binti yake. Akaisema vizuri kabisa. Kisha akaendelea kwa Kiswahili, nami nikaanza kutafsiri. Bado sijafika kwenye kishina, mwendesha mkutano akasema dakika moja imekwisha, tafadhali mpigie ofisi. Mbunge akatabasamu, akasema "asante sana" kwa Kiswahili, akamwelekeza anayefuata.

Dakika moja. Na nusu yake ilikuwa sauti yangu mimi! Anayehitaji kutafsiriwa akipewa muda sawa na asiyehitaji, amenyang'anywa nusu.

Mwisho wa mkutano walimwita yule mama aje mbele kwenye picha. Ndiyo, huyo huyo, kwa sababu alikuwa amevaa kitenge kizuri. Jioni picha ilikuwa mtandaoni kwenye ukurasa wa mbunge, imeandikwa kwamba anasikiliza familia za wakimbizi. Mfuko wake wa plastiki unaonekana pale pale mkononi mwake, haujafunguliwa.

Nina neno pia kwa wachungaji na wenyeviti wa jamuiya zetu, na mkinikasirikia sawa. Mmepewa karatasi za pongezi zenye muhuri wa jimbo, mmezitia kwenye fremu. Karatasi zile bunge hupitisha nyingi kwa mkupuo mmoja, kwa kura moja, hakuna anayebishana. Hazimgharimu mbunge chochote. Nyinyi mnafungua mimbari, anapanda, anashuka, na hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza mbele ya watu: ahadi ya mwaka jana iko wapi?

Na chama nacho. Kaunti ya Harris imegawanywa katika maeneo ya kupigia kura zaidi ya 1,000, na kila chama kinatakiwa kiwe na mwenyekiti wake katika kila eneo. Kwetu tungemwita balozi wa nyumba kumi. Ndiye anayejua nani ni nani mtaani, ndiye anayekaa kwenye kamati ya chama ya kaunti, na ndiye ambaye mbunge anapokea simu yake. Viti vingi viko wazi. Kiti cha eneo letu kiko wazi! Kijana wetu mmoja raia, mwenye shahada, aliandika Januari kuomba ateuliwe kukijaza. Kimya. Akaenda mwenyewe kwenye kikao chao cha mwezi, akapewa karatasi ya kujiandikisha kubandika mabango. Alirudi nyumbani hajui aseme nini.

Kuna jambo jingine nimeligundua nikiwa nimechelewa na bado linaniuma. Kamati za bunge zinaposikiliza miswada, ukitaka kusema lazima uwepo Austin, zaidi ya kilomita 250 kutoka hapa, ujiandikishe pale jengoni, usubiri hata hadi usiku kwa ajili ya dakika mbili tatu. Sisi wa zamu hatuwezi. Lakini Baraza la Wawakilishi linapokea maoni ya maandishi kwenye tovuti kutoka kwa mkaazi yeyote wa Texas. Mkaazi, siyo raia peke yake. Yule mama angeweza kuandika kuhusu SB 38. Mzee wa oksijeni angeweza kuandika kuhusu umeme. Nilimuuliza msaidizi kwa nini hawakutuambia, akasema iko kwenye tovuti. Kwa Kiingereza, kwenye tovuti, kwa mama ambaye hata barua ya shule husomewa na mtoto wa darasa la nne.

Nimemaliza upande wa lawama. Mkiwa na mbunge kama huyu Dallas, Fort Worth au Abilene, andikeni hapa chini, nataka nijue kama ni sisi tu.

NYONGEZA, saa nne usiku: Nimesoma majibu. Anayeniambia tuachane na siasa za watu: mimi ni raia, nalipa kodi, hii ni siasa yangu. Anayesema tuhamie chama kingine: wa chama kile kingine hawajawahi hata kufika. Aliyeuliza kuhusu kiti cha mwenyekiti wa eneo, hiki hapa: hakina ada, kinapigiwa kura kwenye mchujo wa Machi 2026, na mwisho wa kurudisha fomu ni Desemba 8, 2025. Hatuombi kuteuliwa tena. Kijana wetu atachukua fomu, na mimi nitagonga milango yake kama nilivyogonga ya mbunge.

Kesi ya mama ni Alhamisi saa tatu asubuhi. Vishina vyote 14 tumevipiga picha na kuvipanga kwa tarehe. Mimi nitakuwepo kutafsiri, lakini anahitaji usafiri na mtu wa kukaa na wale watoto wawili wadogo. Mwenye gari ambaye zamu yake ni ya usiku, aniandikie kwa faragha.