Naomba ushauri: bamba la mkonge lenye viraka vya piezo, nikiweka joto majibu yananichanganya

MkongeTupu:
Wakuu, salaam kutoka Tanga. Niko kwenye tasnifu ya umahiri. Nina bamba la sentimita 20 kwa 20, unene milimita 4, nyuzi za mkonge ndani ya epoksi, tabaka zimepangwa kwa ulinganifu juu na chini. Nimelibandika viraka vya PZT-5A (kauri ya piezo, inayotanuka au kusinyaa ikipata umeme) vya unene wa milimita 0.2. Nataka nikilitia volti 100 lipinde kwa kiasi ninachokitaka, hata likiwa juani.

Programu nimeiandika mwenyewe kwa nadharia ya Mindlin (inayohesabu pia mkato ndani ya unene wa bamba), bamba nimeligawa vipande vidogo vya hesabu, yaani elementi za nodi nne. Kwa umeme peke yake mambo yanakwenda. Joto ndilo linanitoa jasho: kiraka kikiwa upande mmoja, ongezeko la nyuzijoto 20 linapindisha bamba kuliko volti zote 100. Nikiweka viraka pande zote mbili, joto lilelile linanipa sifuri. Msimamizi anasema jibu mojawapo lazima liwe kosa la programu. Lipi?

BaharaWaRaskazone:
Hakuna kosa hapo mkuu. Chukua kalamu. Volti 100 kwenye unene wa milimita 0.2 ni uga wa volti 500,000 kwa mita. d31 ya PZT-5A, yaani kiasi inachotanuka au kusinyaa kwa ubapa kwa kila kipimo cha uga, ni kama 171 kwa trilioni (mita kwa volti). Zidisha, unapata kutanuka au kusinyaa kwa kama 85 kwa milioni. Basi!

Sasa tuseme kutanuka kwa PZT na kwa bamba lako kunatofautiana kwa 5 kwa milioni kwa kila nyuzijoto. Mara 20, ni 100 kwa milioni. Joto limeshinda umeme wako bila hata kujitahidi. Watu wengi huliweka joto mwishoni kama chumvi, kumbe ni mzigo kamili.

Ile sifuri nayo ni halali. Bamba lenye ulinganifu, likipata joto sawasawa, linatanuka tu, halina sababu ya kupinda. Lakini jua la Kaskazi halipashi juu na chini sawasawa. Weka tofauti ya joto kati ya nyuso mbili uone kama sifuri itabaki. Na kama kingo umezibana pande zote, joto sawasawa linaweza kulifanya bamba lifyatuke ghafla. Hesabu ya mstari mnyoofu (linear) haitakuonyesha hilo, itakuambia kila kitu shwari.

Chumbageni_Boy:
Tangu yule Mjerumani Hindorf alete miche mwaka 1893 sisi tunajua mkonge ni kamba. Leo unatiwa umeme. Haya, nafuatilia uzi.

DadaMhandisi:
Mdogo wangu, hiyo nyuzijoto 20 umeihesabu kuanzia wapi? Kama bamba liliivishwa kwenye oveni kwa 120, basi mahali pasipo na mkazo ni karibu na 120, siyo 25 ya mezani. Likishafika mezani tayari limebeba mkazo wa kupoa. Viraka ukivibandika baadaye kwa gundi ya baridi, vyenyewe vinaanzia joto la siku ile ya kubandika. Kila tabaka lipe joto lake la kuanzia. Programu nyingi za wanafunzi zinatumia namba moja kwa bamba zima.

Pia uwiano wa upana kwa unene ni 50, bamba jembamba. Elementi za nodi nne za Mindlin hapo zinakakamaa zenyewe, zinaonyesha bamba gumu kuliko lilivyo. Punguza nukta za kukokotoa (integration points) kwenye sehemu ya kani mkato.

Umeme_Mwingi:
Mmesahau kwamba PZT ikipashwa joto inatoa chaji yenyewe. Hilo lazima liingie, la sivyo mpindo wote ni batili.

BaharaWaRaskazone:
Taratibu mkuu. Kiraka kinachosukuma kimefungwa kwenye chanzo cha volti, uga umeshapangwa. Chaji ya joto inarudi kwenye chanzo, mpindo haubadiliki. Inaleta fujo kwenye kiraka kinachopima, ambacho waya zake ziko wazi: kitasoma jua kikidhani ni mtikisiko.

MkongeTupu:
Nimeelewa sana. Kiraka changu cha chini ndicho kinachopima, kwa hiyo neno la Umeme_Mwingi nalihitaji pale. Swali la mwisho: unyevu wa huku kwetu je? Na nikomee joto gani?

DadaMhandisi:
Mkonge unakunywa maji kuliko kaboni au kioo, usiupuuze. Mlinganyo wake una umbo lilelile la joto: badala ya nyuzijoto weka asilimia ya maji, badala ya kutanuka kwa joto weka kutanuka kwa unyevu. Namba zake kapime mwenyewe kwenye vipande vyako, za mkonge wa mwingine hazitakufaa.

Joto la juu usiliangalie kwenye PZT. PZT-5A inapoteza ncha zake za umeme, yaani uwezo wake wa piezo, karibu na nyuzijoto 350, na kwa kawaida watu hawavuki nusu ya hapo. Epoksi yako italegea kabla. Tafuta inalegea kwa ngapi, ukae chini yake.

Chumbageni_Boy:
Mkishamaliza mlete picha ya hilo bamba likipinda.