Makadirio ya kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania): mwenye duka Tanga akipinga, ana nafasi gani?

Ngamiani_12: Wakuu, shikamooni. Duka la vifaa vya ujenzi likikaguliwa hesabu na kuletewa makadirio mapya ya milioni 60, inafaa kwenda mahakamani au TRA hushinda tu?

Mhasibu_Chumbageni: Marahaba. Asianzie mahakamani. Kesi za kodi husikilizwa kwanza na Bodi ya Rufaa za Kodi, na aliyeruka hatua ya pingamizi hapokelewi. Amwandikie pingamizi Kamishna Mkuu wa TRA ndani ya siku 30 tangu apokee makadirio, ataje kila kipengele anachokataa na sababu yake. Ndani ya siku hizo hizo alipe kodi anayoikubali au theluthi ya makadirio, ile iliyo kubwa. Yaani akikubali milioni 12, bado atatoa 20. Kama hana, aombe kwa maandishi apunguziwe, aambatishe taarifa za benki. Wengi huanguka hapa: barua nzuri, theluthi haijalipwa. TRA inashinda kabla hoja hata moja haijasikilizwa, na inauma kuona.

Wakala_Bandarini: Ikiwa ni ushuru wa forodha, mfano thamani ya mzigo imepandishwa hapo bandarini, njia ni nyingine. Unaomba mapitio kwa kifungu cha 229 cha sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, siku 30. Kamishna naye ana siku 30 tangu apate ombi na nyaraka alizotaka. Akikaa kimya, ombi linahesabiwa limekubaliwa. Nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, la sivyo huna pa kuanzia kuhesabu.

Mhasibu_Chumbageni: Sahihi kabisa. Kwa mwenye duka, uamuzi wa pingamizi ukitoka, kusudio la rufaa ni siku 30 na rufaa yenyewe siku 45, zote tangu aupokee. Kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi ni kazi yake, si ya TRA. Kama fedha zilizoingia benki zimehesabiwa zote kuwa mauzo, na milioni 15 zilikuwa mkopo, alete mkataba wa mkopo huo. Manunuzi nayo yawe na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi.

Wakili_Pwani: Na alete vyote mapema. Juu ya Bodi kuna Baraza la Rufaa za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani, ambayo kwenye kodi hupokea hoja za kisheria tu. Kampuni ya mafuta ya Tullow, mwaka 2018, ilifika huko na hoja ya kisheria kuhusu kodi ya zuio (inayokatwa na anayelipa kabla ya kumlipa mtoa huduma) kwa huduma zilizofanyika nje ya nchi, ikashindwa. Mkataba wa mkopo uliosahaulika hautapata pa kusikilizwa.

Ngamiani_12, makadirio yalipokelewa tarehe ngapi?