Naomba ushauri: saizi ya kanvasi na DPI (idadi ya nukta kwa kila inchi ya karatasi) zinanichanganya

Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nimechora picha ya bibi yangu kwenye tableti wiki mbili nzima, kwenye kanvasi (eneo la kuchorea) ya pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) 595 kwa 842, kwenye skrini ilikuwa safi kabisa, kuja kuiprinti A4 macho yamekuwa viboksi viboksi na kope hazionekani, imeniuma sana. Nikabadilisha DPI kutoka 72 kwenda 300 ila pikseli zikabaki zilezile, picha ndo ikatoka ndogo kwenye karatasi. A4 ya DPI 300 inataka 2480 kwa 3508, sasa nikifungua kanvasi hiyo, tableti inakuwa nzito na leya (tabaka za mchoro) ninazoweza kutumia zinapungua. Nyie mnaanza na kubwa moja kwa moja au mnakuza kabla hamjaingia kwenye nywele na mikunjo? Na hii ya bibi inaokoleka kweli?