Shemeji kaomba kuja wiki tatu, kakaa miezi mitano, karudi Dar kunitangaza mchoyo. Nimechoka!

Wakuu, salaam. Hapa Leicester, Uingereza, ni saa nne asubuhi, nimetoka zamu ya usiku na saa hizi nilipaswa niwe nimelala. Usingizi umegoma. Jana kuna ndugu kanirushia sauti tatu kutoka kundi la ukoo wa mume wangu, kundi ambalo mimi simo. Anayesikika ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, anawasimulia watu wazima kwamba nilimwacha augue kwangu na unesi wangu wote, kwamba nilikuwa nawapimia nyama, na kwamba mdogo wake "ameshikwa na mwanamke". Watu wanajibu pole kaka, pole baba. Hakuna hata mmoja aliyeuliza upande wa pili unasemaje.

Upande wa pili unasema hivi.

Mwaka jana, 2025, shemeji aliomba yeye na mkewe waje kututembelea. Tulifurahi, sisemi uongo. Wanangu hawakuwahi kumwona baba yao mkubwa ila kwenye simu. Tukakubaliana wiki tatu, na tiketi za kwenda na kurudi zikakatwa za wiki tatu. Barua ya mwaliko niliandika mimi, nikaambatanisha taarifa za benki, hati za mshahara na mkataba wa nyumba. Ada ya viza wakati huo ilikuwa pauni 127 kwa mtu mmoja, nikalipa za wote wawili. Barua ile ilisema wageni wangu wanakuja kwa wiki tatu kisha wanarudi kwao, na chini kuna jina langu, anwani yangu na sahihi yangu.

Nikawaomba jambo moja tu: kateni bima ya safari. Nilimwomba mara tatu, kwa simu na kwa maandishi. Nikamuuliza, bwana shemeji, una ugonjwa wowote, unatumia dawa yoyote? Akajibu yuko fiti kama chuma. Bima akasema ni wizi wa Wazungu. Sikuikata mimi kwa sababu nilishatumia vya kutosha, na kwa kweli hilo ndilo ninalojutia mpaka leo.

Walifika mwezi wa tisa, tukawapokea Heathrow usiku. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule ndogo, basi. Binti yangu wa miaka kumi na moja aliwaachia chumba chake. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza sekondari, shule mpya, hana rafiki hata mmoja, na akawa analala kwenye godoro chini, chumbani kwetu, na mdogo wake pembeni. Kazi za shule alikuwa anafanyia kwenye ngazi, daftari magotini, kwa sababu sebuleni runinga haizimwi. Hakulalamika. Alivumilia wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wiki ya nne akaniuliza, "Mama, baba mkubwa anaondoka lini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu siku ile tarehe ya tiketi ilikuwa imeshapita na shemeji alikuwa ameibadilisha bila kutuambia. Nilipouliza, jibu lake: viza inasema miezi sita.

Viza ilisema miezi sita, kweli. Barua yangu ilisema wiki tatu.

Mkewe aliondoka wiki ya sita kwa sababu ana kazi yake Dar. Aliondoka na mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, yamejaa viatu, manukato na nguo za watoto, vingi tumenunua sisi kwa kadi ya mkopo ambayo bado nadaiwa. Huyo ndiye aliyeanzisha habari za nyama. Jamani, zamu yangu ya usiku inaanza saa moja na nusu jioni, inaisha saa mbili asubuhi. Nikirudi nakuta sufuria za jana, watoto hawajavaa, mgeni anauliza chai iko wapi. Napika kabla ya kulala ili watu wale mchana. Chakula kikiisha kabla sijaamka, ndiyo ikawa "anatupimia".

Na pesa. Nimesikia kwenye sauti ile ya pili wanapiga hesabu ya mshahara wangu. Nitawasaidia. Nesi wa daraja la tano la mishahara ya hospitali za umma mwaka 2025 alianzia pauni 31,049 kwa mwaka. Zidisha kwa shilingi unapata zaidi ya milioni 100, na hapo ndipo hesabu ya ndugu zetu inapoishia. Hawatoi kodi ya mapato, bima ya taifa wala pensheni, ambavyo vinakatwa kabla sijaiona hiyo pesa. Hawatoi pango, pauni 950 kila mwezi. Hawatoi kodi ya halmashauri, karibu 150. Umeme na gesi yangu ni ya kulipia kabla, ni luku kama hiyohiyo yenu, ikiisha inakata. Kabla ya wageni nilikuwa natumia kama pauni 130 kwa mwezi kukiwa na baridi. Desemba ile ilifika 290. Saa kumi jioni nje ni giza, hita inawaka kutwa nzima, na mtu kafungua dirisha la chumba anachovutia sigara. Nikisema, mimi mkorofi.

Siku moja nilimpeleka Belgrave Road anunue mihogo na ndizi za kupika. Pale kuna mzee mmoja Mhindi mwenye duka, mzaliwa wa Kampala, anaongea Kiswahili kizuri tu. Akatusimulia walivyofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, walivyofika hapa na sanduku moja, wakalala watu wanane chumba kimoja kwa ndugu. Mimi nilisikiliza kwa heshima, maana yule mzee huwa ananikumbusha nyumbani. Tumefika mlangoni shemeji ananiambia, "Unaona? Wenzako walikaa wanane chumba kimoja na hawakuhesabiana siku."

Ilinichoma ile kauli. Nikamjibu, shemeji, wale walifukuzwa kwao. Walikuja na ruhusa ya kuishi na ya kufanya kazi, mzee mwenyewe katuambia baba yake wiki ya pili alikuwa kiwandani anashona soksi na wote wanane wanakula kwa jasho la wote. Wewe una nyumba Mbezi.

Kumbe nilikuwa nimemfungulia mlango. Tangu siku ile wimbo ukawa kazi. Nimtafutie kazi ya kulipwa taslimu mkono kwa mkono, kwenye nyumba za wazee, kuosha vyombo, kwenye maghala, popote. Watu wamemdanganya kwamba huku kila mtu anafanya. Na kabla hamjaniletea ile ya mgeni siku ya tatu mpe jembe, viza ya mgeni hapa Uingereza hairuhusu kushika jembe la ajira. Mwajiri akikamatwa na mtu asiye na kibali, tangu Februari 2024 faini inafika pauni 45,000 kwa mtu mmoja, kwa kosa la kwanza. Nani atathubutu? Na mimi mwenyewe niko hapa kwa viza ya kazi, mwaka wa nne. Tulikuwa tunahesabu miaka mitano tupate ukaazi wa kudumu. Mei 2025 serikali ikatangaza mpango wa kuifanya kumi. Tunaishi roho mkononi, halafu nimtafutie mgeni wangu kazi ya magendo, mgeni ambaye barua yake ina sahihi yangu?

Nilikataa. Akanuna wiki mbili, anakula na haongei.

Sasa niseme hili la ugonjwa, maana ndilo lililonitoa usingizini.

Januari, Jumapili alfajiri, mume wangu ananipigia nikiwa kazini: kaka anatetemeka, anaongea visivyoeleweka, anakunywa maji mfululizo. Nikamwambia piga 999. Gari la wagonjwa likaja. Kumbe shemeji ana sukari. Ana sukari miaka sita! Alikuja na dawa za wiki tatu, zikaisha, akakaa kimya miezi kwa kuogopa tungemrudisha nyumbani. Mimi nesi, naishi naye nyumba moja, ananificha. Nilikuwa namwekea soda mezani kwa mikono yangu mwenyewe kwa sababu ni mgeni.

Kuonwa kwenye chumba cha dharura hapa ni bure kwa kila mtu. Ukishalazwa, mgeni analipa, na analipa asilimia 150 ya gharama. Alilazwa siku nne. Bili ikaja pauni 3,400 na ushee.

Lakini kabla ya bili. Siku ya kwanza wodini, amepata nafuu, mtumishi wa hospitali amekuja na karatasi za kuuliza ukaazi wake. Shemeji akanivuta mkono, akaninong'oneza: waambie mimi ndiye mume wako, toa namba ya matibabu ya mdogo wangu, jina la ukoo si ni moja? Alisema hivyo nimesimama pale na sare yangu ya kazi, maana nilitoka moja kwa moja kwenye zamu kwenda kumwona. Anataka nimwandikishe kwa jina la mume wangu. Mnaelewa alichokuwa anaomba? Ni wizi, na mimi ningefutwa kwenye daftari la manesi, nisiguse tena mgonjwa nchi hii, kisha familia nzima tufungashe. Na dawa zake, kipimo chake, sukari yake, vyote vingeingia kwenye faili la mume wangu ambaye hana sukari. Siku mume wangu akiletwa hoi, daktari anasoma habari za mtu mwingine. Hiyo inaua.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwa sauti ya chini, kwa adabu, nikiwa nimemshika mkono. Nikakaa naye mpaka saa sita mchana. Nilimnunulia vifaa vya kupima sukari, nikamfundisha kuvitumia, nikampangia mlo. Siku zote zilizobaki nilikuwa napima sukari yake asubuhi kabla sijavua viatu.

Hiyo ndiyo "alinikataa nikiwa naumwa".

Aliondoka Februari. Kisheria deni ni lake, si letu. Ila deni la hospitali likifika pauni 500 na halijalipwa, linaripotiwa uhamiaji na viza nyingine anaweza kunyimwa. Mume wangu akaniomba tulipe, asije kaka yake akafungiwa. Tunalipa pauni 150 kila mwezi, wakuu. Mpaka sasa hivi tunalipa. Binti yangu alitakiwa aende safari ya shule mwezi wa tano, nimemwambia mwaka huu haiwezekani.

Mume wangu nampenda na sitamsema vibaya hapa. Lakini sauti zile yumo kwenye kundi, amezisikia kabla yangu, na hakuandika neno. Nilipomuuliza akasema, "Ni kaka yangu mkubwa, nifanyeje?" Hilo limeniuma kuliko yote ya shemeji.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Aliyeandika kwamba Ulaya imenibadilisha, kwamba kwetu mgeni hahesabiwi siku, naomba anisikilize. Mama yangu mzazi alikuja 2023 kutoka Tanga, akakaa wiki sita. Tulilala kwa kubanana vilevile. Alikuwa anamsuka binti yangu nywele kila Jumamosi, anakaanga visheti mpaka jirani yetu Mpolandi anagonga mlango kuomba. Alipoondoka nyumba ilikuwa kama ina msiba. Kwa hiyo si kubanana, na si chakula.

Na mwaka huu mama mkwe wangu, mama yake huyohuyo shemeji, anataka kuja mwezi wa sita. Aje. Ana presha, kaniambia mwenyewe bila kuulizwa, akanitumia na picha ya vidonge vyake ili niangalie kama huku vinapatikana. Bima yake nimeshauliza bei na nitailipa mimi. Binti yangu ndiye aliyesema bibi alale chumbani kwake.

Aliyenishauri ninyamaze ili nilinde ndoa, nashukuru, najua una nia njema. Nimenyamaza miezi mitano nikiwa naye ndani, na mingine tangu aondoke. Mume wangu anaamka saa saba, naye yuko zamu leo. Nitamwomba aniingize kwenye lile kundi. Bili ya hospitali nimeshaipiga picha, na risiti za kila mwezi tulizolipa zote ninazo.